Waya wa mbili na nusu na breka ya 32

"Hii breka ni ndogo tu, mama. Naweka ya 32, hutasumbuka tena."

Fundi alisema hivyo bisibisi ikiwa tayari mkononi, na kweli kazi haikumchukua muda. Alizima meini, akachomoa breka ya ampea 20 iliyokuwa ikilinda soketi za jikoni kwa shangazi yangu, akapachika ya 32, akarudisha umeme. Shangazi akawasha birika, jiko la umeme la sahani mbili na maikrowevu kwa mpigo. Hivyo ndivyo vyombo vitatu vilivyokuwa vikimwacha gizani kila anapopata wageni. Tukasubiri. Maji yakachemka, chakula kikaiva, breka ikatulia.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," shangazi akamwambia fundi.

Nami nilikuwa nimesimama karibu na bodi, nikitazama ndani kabla mfuniko haujarudishwa. Waya uliotoka kwenye breka mpya ni ule ule wa zamani: waya wa shaba wa 2.5, yaani wenye unene wa milimita za mraba 2.5, umepita kwenye paipu, umepanda darini, umeshuka jikoni.

Waya haukuguswa.

Jambo hilo lilikaa nami kwa wiki kadhaa. Nilijua kwa kusikia kwamba taa ni 1.5, soketi ni 2.5, jiko ni 6, kama anavyojua mtu yeyote aliyewahi kujenga au kukarabati. Lakini sikuwahi kujiuliza namba hizo zinasimama juu ya nini, wala zinaacha kuwa kweli wapi.

## Breka inamlinda nani?

Wengi tunadhani breka ipo kwa ajili ya friji au televisheni. Haipo kwa ajili hiyo. Chombo kina fyuzi yake, thamostati yake, au hakina chochote na kitaungua chenyewe. Breka kwenye bodi imewekwa kuulinda waya uliozikwa ukutani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Ndiyo maana kuna mpangilio mmoja usiovunjwa. Umeme unaotumika usizidi breka, na breka isizidi uwezo wa waya. Ukivunja upande wa kwanza, breka inakata na unakasirika. Ukivunja upande wa pili, hakuna kinachotokea.

Hapo kwenye "hakuna kinachotokea" ndipo niliposhindwa kulala.

Nilikaa na karatasi. Birika wati 2200, jiko wati 2500, maikrowevu wati 1300. Jumla wati 6000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 26. Breka ya 20 haikati papo hapo kwenye ampea 26. Kiwango cha kimataifa cha breka za majumbani, IEC 60898, kinataka breka ivumilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima, na ikate ndani ya saa moja ikifikia mara 1.45. Kwa ya 20 hiyo ni kati ya ampea 22.6 na 29. Ampea 26 zimeangukia katikati, na ndiyo sababu umeme wa shangazi ulikuwa haukatiki mwanzoni bali chakula kikiwa nusu ya kuiva. Breka ile haikuwa mbovu wala dhaifu. Ilikuwa inafanya sawasawa kile ilichotengenezewa.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa ya 32. Itavumilia ampea 36 bila kukata kabisa, na inaweza kuachia 46 zipite karibu saa nzima.

Joto ndani ya waya halipandi sambamba na ampea. Linapanda kwa mraba wake. Ukizidisha umeme mara mbili, joto ni mara nne. Waya ambao kikomo chake ni ampea 24, ukiupitisha 46, unazalisha joto linalokaribia mara nne ya lile lililokadiriwa.

## Hiyo 24 imetoka wapi?

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba namba niliyoizoea si mali ya waya peke yake.

Majedwali ya kitaalamu yanaupa waya wa shaba wa 2.5 wenye ganda la PVC, uliopita kwenye paipu ukutani, ampea 24. Lakini jedwali lina masharti. Hewa inayouzunguka iwe nyuzi 30 za Selsiasi. Ndani ya paipu iwemo sakiti moja tu, yaani njia moja ya umeme yenye breka yake. Shaba isizidi nyuzi 70, kwa sababu zaidi ya hapo ganda la PVC linaanza kuharibika. Waya ukibeba ampea hizo 24, kila mita inatoa kama wati 5 za joto. Mita kumi za paipu yenye laivu na nyutro ni wati 100, na joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kupitia plastiki, paipu, plasta, hadi hewani.

Ukibadilisha njia ya joto kutoka, umebadilisha uwezo wa waya. Shaba ni ile ile. Kebo bapa ya 2.5 iliyopigiliwa wazi juu ya ukuta inapewa ampea 27. Ukiizungushia pamba ya kuzuia joto pande zote, inashuka hadi 13.5, yaani nusu kamili.

Waya wa shangazi unapita darini, chini ya bati. Mchana wa jua kali, hewa ya huko kufika nyuzi 45 si ajabu, na kwa nyuzi 45 jedwali linataka uzidishe kwa 0.79. Paipu yenyewe ina sakiti tatu, ya soketi na mbili za taa. Kwa sakiti tatu pamoja, zidisha kwa 0.70.

24 mara 0.79 mara 0.70.

Ampea 13.

Nililitazama jibu hilo muda mrefu. Kama ni kweli, basi si ile ya 32 tu iliyokuwa kubwa. Hata ya 20 ya mwanzo, ambayo nilikuwa nimeanza kuitetea moyoni, ilikuwa imeuzidi waya wake tangu siku nyumba ilipofungwa umeme.

## Basi mbona nyumba haziungui?

Hili ni swali la haki, na nadhani mtu yeyote anayehubiri usalama wa umeme bila kulijibu anastahili kutoaminiwa. Nyumba zenye waya wa 2.5 darini ni nyingi mno. Zingekuwa zinateketea kama hesabu yangu inavyotisha, tungejua.

Nilirudi kwenye masharti, na nikakuta nilikuwa nimeruka mstari muhimu. Kipunguzo cha sakiti zilizo pamoja kinachukulia kwamba zote zimebeba mzigo mzito kwa wakati mmoja. Sakiti inayobeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake ndani ya kundi inaruhusiwa kutohesabiwa. Taa za siku hizi zinakula kidogo sana. Taa ya LED ya wati 10 haifiki hata ampea 0.05. Sakiti mbili za taa kwa shangazi, zote zikiwaka, hazifikii ampea moja. Nikaziondoa kwenye hesabu.

24 mara 0.79 ni 19.

Yaani yule fundi wa kwanza kabisa, aliyefunga umeme wakati nyumba inajengwa na akachagua breka ya 20, alikuwa amekaribia ukweli sana. Sijui kama alikokotoa au alirithi namba hiyo kutoka kwa aliyemfundisha, lakini alijua kazi yake.

Kuna jibu la pili, nalo halinipi faraja. Ganda la waya huzeeka polepole. Kanuni ya makadirio wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya kiwango zinapunguza maisha ya plastiki kwa nusu hivi. Waya uliozidiwa jioni moja kwa wiki hauungui jioni hiyo. Unakauka, unakuwa mgumu, na siku mtu akiukunja kubadilisha soketi, ganda linapasuka. Kwa hiyo "miaka yote hii haijatokea kitu" ni kauli ya kweli ambayo haithibitishi lolote.

## Mazoea ya 2.5 na 32

Bado nilitaka kuelewa kwa nini fundi hakusita. Si mtu mzembe. Nimeona kazi yake kwingine, na ni safi.

Jibu lilikuja nilipokumbuka sakiti ya mviringo, ile wanayoiita ringi. Ni utaratibu uliozaliwa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na plagi ya pini tatu bapa ya kiwango cha BS 1363 cha mwaka 1947, na ukasambaa nchi nyingi zilizofuata kanuni za Kiingereza. Waya wa 2.5 unatoka kwenye breka, unapita soketi zote, kisha unarudi kwenye breka ile ile. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili, hivyo mzigo unagawanyika. Kwa mpangilio huo, 2.5 na breka ya 32 ni ndoa halali.

Fundi aliyejifunza kwenye ringi atabeba kichwani "soketi: mbili na nusu, thelathini na mbili". Namba inabaki, sababu yake inasahaulika.

Nilirudi kwa shangazi, nikazima meini, nikafungua mfuniko. Chini ya breka ya 32 kulikuwa na waya mmoja tu wa laivu. Ringi ingeonyesha mbili. (Na hata mbili si uthibitisho, kwa sababu zinaweza kuwa matawi mawili tofauti, au ringi iliyokatika mahali fulani bila mtu kujua. Ni lazima upime kama ncha moja inafika kwenye nyingine.) Mmoja uliniambia yote. Hii ilikuwa sakiti ya mstari, inayoanzia kwenye bodi na kuishia kwenye soketi ya mwisho jikoni, na ampea zote 26 zilikuwa zinapita kwenye shaba ile moja.

Kumshawishi shangazi kulikuwa kugumu kuliko hesabu.

"Nimelipa kikatulia. Unataka nilipe tena kiharibike?"

Nilifungua soketi ya birika ili tuone wote. Ncha ya waya, kama sentimita tatu, ilikuwa imebadilika kuwa kahawia. Shangazi alishtuka, na ningeweza kuiacha picha hiyo initetee. Lakini haikuwa ushahidi wa ninachokisema. Ukahawia uliishia pale pale karibu na skrubu, na ndani zaidi ganda lilikuwa zima. Hiyo ni dalili ya skrubu iliyolegea, siyo ya waya mwembamba. Nilimweleza hivyo, kwamba kuna matatizo mawili na nisingependa ayachanganye. Nadhani ni uwazi huo uliomfanya akubali, zaidi ya namba zangu.

Breka ya 20 ikarudi mahali pake. Birika na maikrowevu pamoja ni ampea 15, zinaenea. Jiko likapewa waya wake lenyewe, wa 6, kutoka kwenye bodi moja kwa moja. Waya wa 6 kwenye paipu unapewa ampea 41, na mara 0.79 ya joto la darini inakuwa 32. Breka ya 32 ikafungwa hapo.

## Urefu

Sehemu hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, kwa sababu sikuwahi kusikia mtu akiizungumzia wakati wa kununua waya.

Tuseme kuna soketi kwenye banda la nje, mita 60 kutoka kwenye bodi. Waya wa 2.5 unapoteza karibu milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwenda na kurudi. Ampea 13 kwa mita 60 ni volti 14 zilizopotea njiani, zaidi ya asilimia 6. Kanuni nyingi zinataka zisizidi asilimia 5 kwa soketi na 3 kwa taa. Taa itafifia, mota ya pampu itahangaika kuanza na itapata moto. Hilo ni la kero na gharama.

Kuna lingine zito zaidi. Mita 60 za kwenda na 60 za kurudi za waya huo zina ukinzani wa omu 0.89. Itokee shoti huko mwisho, umeme wa juu kabisa unaoweza kupita ni 230 gawanya kwa 0.89, yaani ampea 258, na hapo sijahesabu ukinzani wa waya unaoleta umeme nyumbani. Tungetegemea breka ikate kufumba na kufumbua. Lakini breka ya 32 ya aina C inaahidi kukata papo hapo kwenye mara kumi ya namba yake, ampea 320. Kwa 258 inaweza kusita kwa sekunde kadhaa, shoti ikiwaka na waya ukichemka. Ya 20 ya aina B, ambayo hukata mapema zaidi ya aina C, inaahidi kukata kwenye mara tano ya namba yake, ampea 100, na ingekwishakata.

Kwa hiyo breka kubwa kwenye waya mwembamba na mrefu inakosea mara mbili, kwenye mzigo uliozidi na kwenye shoti. Waya wa 6 kwa umbali huo huo una omu 0.37, na shoti yake inaweza kupitisha ampea zaidi ya 600. Pale ndipo unene wa waya unapomsaidia mlinzi kuona haraka.

## Tuweke nene kila mahali?

Nilifikia hapo kwa muda. Weka 6 kote, ulale.

Haifai. Waya mnene ni mgumu kukunja. Ukiulazimisha ndani ya kisanduku cha soketi, unasukuma soketi yenyewe, na matundu yake hayakutengenezwa kupokea waya nene zikiingia na kutoka. Skrubu inaonekana imekaza kumbe imeshika nusu. Kiungo kilicholegea kinazalisha joto kwenye nukta moja, na hakuna breka ya kawaida inayoliona joto hilo, maana ampea hazijazidi. Ule ukahawia kwenye soketi ya birika ungetokea hata kwa waya wa 6. Paipu nayo ikijazwa nyaya nene, waya unachubuka wakati wa kuvutwa na joto linakosa pa kutokea.

Upande wa taa, hesabu ya mzigo inakaribia kuwa kichekesho, lakini IEC 60364, kiwango cha kimataifa cha ufungaji wa umeme kwenye majengo, bado inaweka 1.5 kama kima cha chini cha waya wa shaba kwenye sakiti za kudumu za taa na nguvu. Sababu si mzigo. Waya lazima uhimili kuvutwa, kukunjwa na kukazwa, na uhimili shoti kwa muda mfupi mpaka breka ikate. Hapo 1.5 inatosha na kubaki.

## Namba iliyoandikwa kwenye ganda

Hesabu zote hizi zinaamini kwamba 2.5 ni 2.5.

Kuhakikisha si kazi kubwa. Waya wa 2.5 wenye nyuzi saba una nyuzi za milimita 0.67 kila moja. Pima uzi mmoja kwa vernia (kifaa cha kupimia vipenyo vidogo), zidisha kipenyo kwa chenyewe, kisha kwa 0.785, kisha kwa idadi ya nyuzi. Ukikuta 0.55, waya wako ni kama 1.66, chochote kilichoandikwa juu yake. Kisha kwangua uzi kwa kisu. Ndani kukiwa kweupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini ina ukinzani wa karibu mara 1.6 ya shaba. Waya wa namna hiyo pia ni mwepesi mkononi kuliko inavyopaswa.

Na anayesoma maelezo ya Marekani awe macho. Wao hutumia namba za AWG, ambazo asili yake ni idadi ya mara waya ulivyovutwa kupita matundu yanayozidi kuwa madogo, hivyo namba ikikua waya unapungua. Namba 14 ni milimita za mraba 2.08, 12 ni 3.31, 10 ni 5.26, na breka zake ni 15, 20 na 30. Soketi zao za kawaida ni volti 120, kwa hiyo chombo cha wati zile zile kinavuta karibu mara mbili ya ampea. Usichukue nusu ya hesabu yao ukaichanganya na nusu ya hizi.

## Kabla plasta haijafunika

Anayejenga sasa ana nafasi ambayo wengine hatuna. Paipu pana kidogo kuliko inavyohitajika leo, na moja tupu kutoka kwenye bodi hadi jikoni, itamruhusu mtu kuvuta waya mwingine bila kuchimba ukuta. Muulize fundi maswali matatu kwa kila sakiti: itabeba ampea ngapi, itapita wapi, ina urefu gani. Fundi mzuri hatakasirika. Wengine watafurahi kuulizwa.

Na kuna jambo ambalo sijaliona kwenye bodi nyingi, ningependa liwe la kawaida. Ndani ya mfuniko wa bodi, kando ya jina la kila breka, liandikwe na umbo la sakiti pamoja na ukubwa wa waya: "Soketi jikoni, mstari, waya 2.5, joto darini, mwisho 20." Kwa kalamu isiyofutika. Fundi atakayeitwa miaka kumi ijayo kwa sababu umeme unakatika hatajua sisi tulikokotoa nini, na waya uliozikwa hauwezi kumwambia.